Kabati la Kupigwa

Jumamosi saa tatu na robo asubuhi, duka la samani lilikuwa na robo saa tu tangu lifunguliwe, na tayari Bi Futi alikuwa amepiga makabati manne. Aliyapiga kwa ngumi, lakini bila hasira, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Akishapiga, alitega sikio. Kabati la kwanza lililia kama debe. La pili lililia kama kikapu. La tatu liliyumba. La nne lilinyamaza vizuri, lakini alipozunguka nyuma akakuta mgongo wake ni kadibodi iliyobanwa kwa pini, akaliacha.

Watu walimwita Bi Futi kwa sababu alishona nguo miaka thelathini na minane, na hakuwahi kutoka nyumbani bila futi ya kupimia shingoni. Macho yalipochoka aliacha cherehani. Futi hakuiacha.

Muuzaji, mtu wa makamo mwenye penseli juu ya sikio, alimletea kiti bila kuombwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Natafuta kabati la kuunga mwenyewe. Lisiwe la bei ya kunizika, lakini lidumu."

"La kuwekea nini? Nguo au vyombo?"

"La kupigwa."

Muuzaji alichukua penseli. "Kwa mkono au kwa kitu?"

"Ngumi, kofi na teke. Mara mbili pasi."

"Pasi ya moto?"

"Moja ya moto, moja ya baridi."

"Basi hayo yote ya huku mbele tuyaache, mama. Hayo ni ya nyumba zenye amani." Alimshika mkono kumsaidia kuinuka. "Afadhali wewe umesema. Wengi wakija hapa husema ni la vyombo. Baada ya wiki mbili wanarudi na mlango mkononi, wananilaumu mimi."

Bi Futi aliona kwamba huyu ni mtu mwema, akamfuata.

Mambo yalianza na meza. Miaka mitatu kasoro miezi michache kabla ya hapo, Bi Futi alimnunulia binti yake meza ya kuunga, ya bei nafuu kuliko zote dukani, yenye mtoto mmoja wa kuvuta, wa kuwekea visu na vijiko. Ilikuja imelala bapa ndani ya boksi. Jumapili mchana mama na binti waliketi sakafuni wakatandaza mbao, skrubu na karatasi ya maelekezo. Bi Futi alishika mguu wa meza, binti alishika bisibisi. Walikuwa wamefika hatua ya tano mume wa binti alipotoka chumbani, akagusa birika, akakuta chai imepoa.

Alimpiga mkewe ngumi ya mdomo. Jino liliruka, likagonga ukuta, likarudi mpaka kwenye karatasi ya maelekezo na kusimama juu ya picha ya hatua ya sita. Damu ililifuata. Ndipo mume alipomwona Bi Futi nyuma ya mguu wa meza.

"Shikamoo, mama," alisema. "Samahani, sikukuona."

"Marahaba, baba."

Akaenda kunawa mkono.

Hakuwa mtu asiye na utu. Alikuwa fundi miwani, na vidole vyake viliweza kushika skrubu ndogo kuliko chawa. Miwani ya Bi Futi aliitengeneza mara tatu na hakutaka hata asante. Akija mgeni mwenye umri, yeye ndiye wa kwanza kumpisha kiti. Bi Futi hakuwa mtu wa kusahau mambo kama hayo.

Alimfuta binti yake damu kwa leso, akamwambia neno alilomwambia siku ya harusi: "Vumilia, mwanangu." Alipewa neno hilo na mama yake, kama watu wanavyopewa sufuria, na hakuwa na jingine.

Meza iliyoungwa nusu haiachwi, itapinda. Kwa hiyo waliendelea. Kwenye hatua ya nane waligundua kwamba kijiti kimoja kimepungua, vile vijiti vifupi vya mbao vinavyoingia tunduni kushikanisha ubao na ubao. Walitafuta ndani ya boksi, wakatafuta chini ya kochi. Mwishowe binti aliokota jino lake, akalipangusa, akalijaribu kwenye tundu. Liliingia, likabana kuliko vijiti vyenyewe.

Jumatano iliyofuata mume alimpiga mkewe kofi. Binti alisikia upepo tu, kama mlango umefungwa chumba cha pili. Iliyolia ni meza, na juu yake zikatokea alama za vidole vitano, nyekundu kwanza, halafu zambarau. Mume alitazama kiganja chake, akaitazama meza.

"Mbao laini hizi," alisema, akapiga tena ili kuhakikisha.

Tangu siku hiyo alimpiga mke, na meza ikaumia. Ngumi ya jicho iliacha uvimbe mweusi kwenye kona. Teke la mbavu lilipasua ubao wa pembeni. Siku ya pasi ya moto, meza ilinuka nyama kwa saa nzima. Binti alisimama mahali pake akiwa mzima, mikono ameikunja, akisubiri iishe. Wageni wakiuliza, alisema meza imejigonga mlangoni. Wageni wakatikisa vichwa, wakasema milango ya siku hizi haina adabu. Jirani wa mlango wa pili alileta kitambaa kizito cha kuifunika, cha kwake mwenyewe, ili meza isione aibu mbele za watu.

Aliyesumbua alikuwa mtoto wa meza. Sauti ya mume ilipoanza kupanda, mtoto huyo alijivuta ndani na kujifunga, na hakufunguka mpaka kesho yake hata uvute kwa mikono miwili. Siku hizo watu walikula bila vijiko. Binti alikuwa na mtoto wake pia, msichana ambaye sasa alikuwa na miaka saba na meno ya mbele yameanza kumtoka. Baba yake ndiye aliyempa jina la Mapengo, na jioni alipenda kumpakata na kuyahesabu mapengo kwa ncha ya kidole, taratibu, asimwumize. Mapengo naye alikuwa na mahali pake, chini ya kitanda. Ukimwita atoke, alijibu kutoka gizani:

"Mtoto wa meza katoka?"

"Bado."

"Na mimi bado."

Meza ilivumilia hivyo mpaka Alhamisi ya wiki hii. Alhamisi mume alirudi kazini akakuta kifungo cha shati lake jeupe kimelegea. Alipiga mara saba. Kwenye pigo la tatu mguu mmoja wa meza ulikatika. Kwenye la tano ubavu wake ulifunguka na unga wa mbao ukamwagika, kama gunia lililotobolewa na panya. Kwenye la saba ilianguka kifudifudi na kupasuka katikati. Pigo la nane halikukuta meza. Lilimkuta binti mkononi, na mfupa ulivunjika kwa sauti ya kijiti kikavu.

Mume aliteremsha mkono. "Meza imekufa," alisema.

Yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka mkewe hospitali, na mkoba wake alimbebea. Daktari wa mifupa alitazama picha, akauliza meza ilikuwa ya unene gani, akajaza fomu. Mahali palipoandikwa Sababu, aliandika: samani duni. Muuguzi aliyefunga plasta alimpapasa binti nywele muda wote, akamwambia safari nyingine wasinunue yenye mgongo wa kadibodi, hata yeye nyumbani kwake alijuta.

Ijumaa asubuhi ndugu waliitwa. Alikuja mjomba wa binti, alikuja shangazi wa mume, na Bi Futi. Mume alikaa mwisho kabisa, karibu na mlango, kwa heshima. Alimenya chungwa, akalitenganisha, akampa Bi Futi vipande bila mbegu hata moja.

"Tumekutana kwa jambo moja," mjomba alisema. "Nyumba hii haina samani ya maana. Tangu jana huyu mtoto hana chochote cha kumkinga. Tufanyeje?"

"Mimi nilisema tangu mwanzo," shangazi alisema. "Mbao za unga wa mbao hazina ukoo. Zikiona maji zinavimba, zikiona ngumi zinalia. Mtu ananunua meza kama ananunua biskuti."

"Shangazi, na za mti mzima bei yake unaijua?"

"Naijua. Rahisi hugharimu, mjomba. Mtaunga meza kila mwaka mpaka meno ya huyu mtoto yaishe."

Watu walicheka kidogo, binti naye alicheka, akaficha pengo kwa mkono mzima.

Bi Futi alikuwa bado na kipande cha chungwa kiganjani. "Mimi nilitaka kuuliza," alisema, "kuhusu mkono."

"Plasta inatoka baada ya wiki sita," mume alijibu kwa upole. "Nimeshauliza, mama."

"Si mkono huo."

Mume alitazama maganda ya chungwa. Shangazi alijitengeneza nguo begani.

"Dada," mjomba alisema, "tusitoke nje ya mada. Hapa tunaongelea kabati."

Ikakubaliwa kwamba meza ina miguu, na chenye miguu huvunjwa miguu. Likatakiwa kabati. Kila mmoja alichangia alichokuwa nacho, na Bi Futi akapewa kazi ya kuchagua kwa sababu anajua kupima.

Alianza kwa seremala, mchana huohuo. Seremala alisikiliza mpaka mwisho huku randa imesimama juu ya ubao. Alipoambiwa kwamba litahitajika tundu la jino, alisema hatoboi.

"Ila huyo mkwe wako mlete nimpime," alisema. "Namchongea sanduku lake bure, na misumari juu yangu."

Bi Futi aliaga. Njiani aliwaza kwamba ni mtu mkorofi, asiyejua kuongea na wazee. Hata hivyo maneno yake yalimfuata mpaka nyumbani, na usingizi haukuja upesi.

Ndiyo maana Jumamosi alikuwa dukani mapema, na jino alikuwa amelifunga kwenye pindo la leso. Walilichimbua kutoka kwenye meza kwa kisu. Halikuwa na ufa.

Muuzaji alimpeleka nyuma kabisa ya duka, kwenye maboksi yasiyopambwa. Alimfundisha kila kitu bila haraka. Kwanza uzito: boksi likibebwa na mtu mmoja, liache. Halafu unene wa mbao: milimita kumi na tano ni za vitabu, kumi na nane ni za maisha. Kingo zote ziwe zimefunikwa, hata za chini zisizoonekana, maana unyevu huingilia pale pasipotazamwa. Mgongo uwe wa plaiwudi na uingie kwenye mfereji, usipigiliwe juu juu. Bawaba ziwe za chuma.

"Na ukishalifunga, mama, usilifungue tena. Hizi mbao ukifungua na kufunga, tundu linalegea. Zinaungwa mara moja tu. Kila kiungo weka gundi."

"Likikaza sana?"

"Ndivyo unavyotaka."

"Matundu ya vijiti milimita ngapi?"

"Nane."

Bi Futi alifungua leso, akalaza jino juu ya futi. Muuzaji aliinama akatazama naye. Saba na nusu.

"Kwa gundi litabana," muuzaji alisema. "Tena limenyooka, hongera. Juzi mmoja alileta la nyuma, lina mizizi mitatu, tukahangaika."

"Linavumilia kweli, mwanangu?"

"Linavumilia. Dhamana miaka mitano." Aliandika kitu kwenye karatasi. "Gari la kupeleka mizigo ni Jumanne."

"Jumanne ni mbali," Bi Futi alisema. "Kesho Jumapili. Anashinda nyumbani."

Muuzaji hakuuliza nani. Saa ya kula ilipofika alifunga chakula chake kwenye mfuko, akaazima mkokoteni wa muuza vyuma, akalisukuma boksi mwenyewe mpaka kwa binti, mitaa sita, Bi Futi akitembea kando ameshika kamba. Hakutaka kitu. Alikunywa maji bilauri moja, akamwambia binti pole, akarudi kazini.

Waliunga kabati mpaka jioni. Binti alitumia mkono mmoja na magoti. Bi Futi alipaka gundi kwa kijiti cha kiberiti, Mapengo alisoma maelekezo kwa sauti, hatua kwa hatua, akiruka herufi zilizohitaji meno. Kwenye hatua ya kumi na moja waliacha tundu moja wazi, upande wa kulia, usawa wa kifua. Binti aliliweka jino mwenyewe. Alilipiga kwa kisigino cha kiatu mpaka likazama.

Mume alirudi wakifunga milango. Alivua koti, akapiga magoti, akatoa mfukoni bisibisi yake ya miwani. Alikaza kila skrubu ya bawaba, akapitisha kidole kwenye maungio, akafuta gundi iliyozidi. Milango ilikaa sawa kama kurasa mbili za kitabu.

"Hili kabati hasa," alisema. "Hili tutazeeka nalo. Ahsante, mama."

"Karibu, baba," alisema Bi Futi, na akarudi kwake kulala.

Jumapili alipofika na maziwa, saa tano, alikuta imeshaanza. Sababu hakuiuliza. Mume alikuwa amemshika mkewe ukosi, anampiga kwa mkono wa kulia, na binti alikuwa amesimama wima, plasta kifuani, macho yake kwenye kabati. Kabati lilikuwa likipokea. Kila ngumi ilitua ndani ya ubao kwa sauti nzito, kama magunia yanateremshwa kwenye lori. Ubavu wake wa kulia ulikuwa umevimba. Mlango mmoja ulivuja damu nyembamba kwenye bawaba, ikateremka mpaka sakafuni. Lakini miguu halikuwa nayo, na halikuanguka. Mume alipiga mara kumi na nne. Alibadilisha mkono akapiga mara nane. Alipiga teke, akaumiza kidole, akakaa kwenye kochi akihema.

"Imara," alisema. Alikuwa na jasho, na alionekana ameridhika. "Shikamoo, mama. Hata sikukuona."

"Marahaba," alisema Bi Futi, akapeleka maziwa jikoni.

Binti hakuwa na alama hata moja. Bi Futi alimkagua mgongo, shingo, mbavu, kwa vidole vyake vya ushonaji, kama anayetafuta pini iliyosahaulika kwenye nguo. Hakuna. Alikaa chini akalia kidogo kwa furaha. Halafu alihesabu. Dhamana ilikuwa miaka mitano. Binti alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Sifa za kabati zilienea. Jirani wa mlango wa pili alikuja na kamba, akalipima, akauliza duka liko wapi. Alisema ni la vyombo. Mjomba alilipiga kofi mgongoni, akasema penye wazee haliharibiki neno. Shangazi alikubali kwamba hata mbao za unga zikipata gundi hupata ukoo. Mume, ambaye zamani alipiga siku za hasira tu, sasa alipiga pia akiwa mzima wa moyo, maana kitu imara kinashawishi. Kila mwisho wa mwezi alikaza skrubu zake mwenyewe.

Plasta ilipotolewa, Bi Futi alikuja kumkanda binti mkono kwa mafuta ya moto. Ilikuwa Jumatano, jua bado lipo. Mapengo alitoka chini ya kitanda na kisanduku cha kiberiti, akapanda mapajani kwa bibi yake.

"Bibi, nipimie."

Ndani ya kiberiti, juu ya pamba, kulikuwa na jino dogo jeupe.

"Limetoka lini hili?"

"Jana. Nimeling'oa mwenyewe, sikulia. Ni milimita ngapi?"

Bi Futi alishusha futi shingoni, akapima. "Tano."

"Litaingia?"

"Wapi, mjukuu wangu?"

"Kwenye kabati langu. Nikiolewa."

Binti aliacha kuukunjua mkono. Bi Futi alimkumbatia Mapengo, akamnusa nywele zilizonukia sabuni. Alitafuta neno la kumwambia. Alilitafuta kwa muda mrefu, kama walivyotafuta kile kijiti kilichopungua, ndani ya boksi na chini ya kochi, na kila alipopeleka mkono alikuta lilelile moja.

"La maziwa halivumilii," alisema kwa upole, akafunika kiberiti. "Ngoja la ukubwani."

"Haya, bibi."

Nje zilisikika funguo. Kabati lilivuta milango yake miwili, taratibu, mmoja baada ya mwingine, likajifunga.